Samaki Katika Droo ya S

Bwana Faili hakuwa na tumbo. Tuseme kweli, alikuwa nalo kidogo, kipande walichomwachia madaktari baada ya kukata kile kilichoharibika, na kipande chenyewe hakikuzidi ngumi ya mtoto. Hakuwa na mkanda wa kumtosha. Ule wa zamani alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari mpaka ncha yake ikamzunguka na kufika mgongoni. Hakuwa na makalio ya kukalia benchi la mbao bila mto, na fundi aliyempunguzia suruali alikiri kwamba akipunguza tena, mifuko miwili ya nyuma itakuwa mmoja. Hakuwa na nywele zake za zamani. Hizi zilizoota baada ya dawa zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, na mkewe alikataa zinyolewe. Hakuwa na rafiki wa kumsalimu bila kwanza kumkagua shingo. Lakini katika vyote alivyovikosa, kimoja ndicho kilichokuja kumtia matatani: hakuwa na mahali pa kulia chakula chake akiwa kazini.

Chakula chenyewe kilikuwa agizo. Siku alipoagana na hospitali, daktari bingwa, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, alimweleza kwamba kansa imeondolewa, na kwamba tumbo lililobaki ni mgeni mdogo ndani ya nyumba, lisishindiliwe. Ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Atafune mpaka chakula kisahau kilikuwa nini. Maji asiyachanganye na chakula, ayanywe baadaye. Vitu vitamu aviache, la sivyo jasho litamtoka na moyo utamwenda mbio kama mwizi. Atembee kila siku. Achomwe sindano ya vitamini kila mwezi, maana mwili wake hautaweza tena kuichota vitamini hiyo kwenye chakula, na asikose kurudi kuchunguzwa. Akiyashika hayo, daktari alisema, ataishi kama watu wengine. Bwana Faili alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa. Mkewe, aliyeketi pembeni na mkoba mapajani, hakuitikia chochote. Alikuwa anakariri.

Na nyumbani mambo yalikwenda. Mkewe alinunua vikopo vidogo vya plastiki vyenye vifuniko, akawa anavipanga juu ya meza kila asubuhi kama mtu anayegawa dozi: kipande cha samaki hapa, kiazi pale, yai, ndizi isiyoiva sana, mkate uliokauka kidogo. Aliacha kumwita baba watoto akaanza kumwita mgonjwa wangu, kisha, kilo zilipoanza kurudi moja moja kama watoto waliochelewa shule, akamrudishia cheo chake. Bwana Faili kwa upande wake alimwita Daktari wa Pili, ingawa si mbele yake.

Tatizo lilikuwa kazini. Alikuwa mkuu wa masjala katika ofisi moja kubwa, chumba kirefu kilichojaa makabati ya chuma, droo zimepangwa kwa herufi kutoka A mpaka mwisho. Alikuwa amefanya kazi humo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na jina la Bwana Faili alilipata kwa haki. Ukimwomba faili alilifuata bila kuwasha taa. Mlangoni palikuwa na tangazo lililoandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride: NI MARUFUKU KULA HUMU. FAILI SI MEZA. Chini yake palikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Alikuwa ameliandika miaka mingi nyuma, baada ya kukuta alama ya kidole cha mafuta juu ya faili la mstaafu. Tangu hapo alilisimamia bila huruma. Kijana mmoja aliyetafuna karanga humo ndani aliandikiwa barua ya onyo, naye Bwana Faili ndiye aliyeiandika, akaisoma mara mbili, akaifurahia. Sasa mtu wa namna hiyo atakwenda wapi kuomba ruhusa ya kula?

Isitoshe, hakuna aliyejua aliugua nini. Ofisini alikuwa amesema ni vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa heshima. Kila mfanyakazi wa ofisi anavyo au anatarajia kuwa navyo. Lakini ukitaja kansa watu hushusha sauti, na Bwana Faili aliijua sauti ile. Mkuu wa masjala aliyemtangulia alipata kiharusi kidogo, akapona, akarudi na mkono unaotetemeka. Wakazungumza naye kwa sauti hiyo hiyo ya chini, wakamwambia pole sana, mzee, umefanya kazi kubwa, kapumzike. Wakamstaafisha kwa sababu za kiafya na kumzawadia saa ya ukutani. Bwana Faili alikwenda kumtembelea, akamkuta ameketi chini ya ile saa anaitazama. Mtu umempa saa siku ile ile uliyomnyang'anya pa kuwahi.

Kwa hiyo akala kwa siri. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Mtu mwingine angeficha vikopo vyake vyote kwenye mkoba, chini ya meza. Lakini Bwana Faili alifikiri kwamba mkono unaoingia mkobani kila mara unatia shaka, ilhali mkono unaofungua droo ni mkono ulio kazini. Akavitia vikopo kwenye droo. Na kwa kuwa kwa maisha yake yote hakuwahi kuweka kitu mahali pasipo pake, aliviweka kwa herufi. Mkate ulikwenda M. Ndizi ilikwenda N. Samaki alikwenda S, viazi V, na yai likashuka mpaka Y, droo ya chini kabisa, ambako ilimbidi apige magoti kila alipolitaka. Alikuwa anafungua droo, anatia kipande kinywani, anasimama ameielekea rafu, anatafuna taratibu kama alivyoagizwa, macho yakisoma migongo ya mafaili. Aliyempita alimwona mzee aliyezama kazini.

Mambo yakaenda vizuri mpaka panya walipojua utaratibu.

*

Faili la kwanza kutafunwa, na kwa kweli ndilo pekee, lilikuwa la mkuu wa idara. Jina la ukoo la mkuu lilianza kwa S, na faili lake lilikaa kifua kwa kifua na samaki. Panya alipomkosa samaki, maana kikopo kilifungwa vizuri, alijiliwaza kwa kilichonuka samaki. Alikula pembe ya vyeti, akala picha ya mkuu kuanzia kidevu kwenda chini, akaacha macho.

Laiti lingekuwa faili jingine. Mkuu wa idara alikuwa mtu wa makamo, mwenye tai nyingi, naye alikuwa anasubiri kuhamishiwa makao makuu. Makao makuu walikuwa wameliomba faili lake wiki hiyo hiyo. Alishuka masjala mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalishika faili kwa vidole viwili kama anavyoshikwa panya mwenyewe, akauliza nani analeta chakula humu.

Bwana Faili alifungua kinywa. Ndani ya kinywa kulikuwa na kiazi. Akakifunga.

Kimya hicho kidogo ndicho kilichomponza Shangazi. Shangazi alikuwa mhudumu wa ofisi, mama mnene mwenye viatu vya raba, aliyefagia, akapika chai na kupeleka barua kutoka chumba hadi chumba. Watu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Mkuu alikumbuka kwamba katika jengo zima ni yeye tu anayeshika vitu vya kulika. Ndoo yake ya taka ikapekuliwa hapo hapo, yakatoka maganda ya yai. Shangazi alieleza kwamba ameyafagia nyuma ya kabati la mwisho, na kwamba hata yeye anashangaa, labda kuna kuku. Mkuu hakucheka. Alimtaka aandike maelezo, na akasema ikithibitika, mkataba wake ukimalizika mwisho wa mwezi hautaandikwa mwingine.

Shangazi aliondoka akikokota raba zake. Alipofika mlangoni aligeuka, akalisoma lile tangazo kwa sauti, polepole, mpaka kwenye sahihi. Kisha akamtazama Bwana Faili kwa jicho ambalo hakulielewa, akaenda zake kuosha vikombe.

*

Jioni ile Bwana Faili alishuka kituo kimoja kabla ya kwake, kama kawaida, ili atembee. Kwa kawaida matembezi hayo aliyapenda. Jirani mwenye duka la vipuri alizoea kumsalimu kila siku kwa kumuuliza, "Bado upo?" naye akamjibu kwamba yupo kwa muda. Leo alimpita bila kumwona.

Mkewe alivipokea vikopo, akavifungua kimoja kimoja, akakuta samaki hajaguswa. Akaketi. Akamwambia aseme.

Akasema yote. Alipofika kwenye herufi, mkewe alimsimamisha.

"Ngoja kwanza. Yai umeliweka wapi?"

"Droo ya Y."

"Kule chini kabisa?"

"Ndiko liliko."

"Na daktari alikwambia usiiname baada ya kula."

"Nilikuwa nainama kabla."

Mkewe alijifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika, na Bwana Faili alidhani analia. Alipoitoa khanga, machozi yalikuwepo kweli, lakini ya kicheko. Alimuuliza kwa nini hakuviweka vyote pamoja. Bwana Faili alimjibu, kwa subira ya mtaalamu, kwamba vitu visivyofanana haviwekwi pamoja. Angeviweka chini ya herufi gani?

"Ch," alisema mkewe. "Ya chakula."

Bwana Faili alizipitia droo zote kichwani. Katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumkosoa upangaji, na alikosolewa sawasawa.

Kisha kicheko kikamwisha mkewe, ghafla kama bomba linapokatika maji. Akamuuliza kuhusu yule mama wa chai, kama ana watoto. Bwana Faili hakujua. Akamuuliza kama kazini wanajua aliugua nini. Akasema wanajua vidonda vya tumbo.

"Vidonda," alisema mkewe. "Mimi nimekesha kwenye viti vya hospitali mpaka nikajua kila kiti kina msumari gani. Nimekulisha kwa kijiko. Nimechemsha, nimeponda, nimechuja. Kumbe ninampikia mtu chakula anakwenda kukila kama mwizi, ameelekea ukutani."

"Wakijua watanipa saa."

"Wakupe. Hapo palipo na ile picha ya kaka yangu pana nafasi." Alivikusanya vikopo, akavigonganisha kuliko ilivyohitajika. "Sikumuuguza mtu apone kansa halafu afe kwa aibu. Kesho kamwambie mkuu wako. Na huyo mama mwombe radhi."

Bwana Faili aliahidi. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, ila kesho yake alipofika alimkuta mkuu ametoka, na moyo wake ukafurahi kwa namna iliyomtia haya. Kesho kutwa mkuu alikuwepo, lakini alikuwa na wageni. Siku iliyofuata hakuwa na wageni, lakini alionekana amekasirika. Katika siku hizo zote Bwana Faili hakula kazini, kwa sababu ya dhamira. Alijaribu kufidia nyumbani, akala milo mitatu kwa mpigo alfajiri, na matokeo yake aliteremka kwenye gari katikati ya njia akiwa ameloa jasho, akashikilia nguzo ya taa huku moyo ukipiga kama cherehani. Mama mmoja aliyepita na mtoto alimwonyesha mtoto wake madhara ya pombe.

Vikopo, hata hivyo, mkewe aliendelea kumfungia, na yeye aliendelea kuvipanga kwa herufi, samaki S. Mazoea ni kitu kigumu.

*

Siku hiyo hiyo ya nguzo ya taa, mkuu wa idara alileta paka. Alimtoa nyumbani kwake ndani ya kikapu, paka mkubwa wa kijivu mwenye sikio moja lililokatika, akatangaza kwamba maelezo ya Shangazi hayatoshi na panya wenyewe lazima washughulikiwe. Alimfungulia katikati ya masjala. Watumishi wa vyumba vya jirani walikuja kutazama, mikono nyuma, kama watu waliokuja kuona mashine mpya.

Paka alinyoosha miguu. Alipita A bila kugeuza kichwa. Alipita K, ambako panya walikuwa na mlango wao rasmi, akapiga miayo. Alipofika S akasimama. Akanusa. Akaketi mbele ya droo, mkia ameuzungusha miguuni kwa adabu, akaikodolea macho kama mtu aliyefika kaunta na kusubiri ahudumiwe.

Mkuu alimtoa pale akampeleka kwenye tundu la panya. Paka akarudi S. Mkuu akamsukuma kwa kiatu. Paka akarudi S, na safari hii akalia, kilio kirefu cha malalamiko.

"Panya yuko ndani ya droo," alisema mkuu. "Shangazi, lete ufagio. Mzee, fungua, halafu Shangazi ampige."

Shangazi alileta ufagio, akauinua juu ya bega. Watu walirudi nyuma hatua moja. Bwana Faili aliutazama ule ufagio, akamtazama Shangazi, na akaona uso wake umechoka, si kwa kazi ya siku moja. Kitu fulani ndani yake, pale ambapo zamani palikuwa na tumbo, kilitulia. Aliivuta droo mpaka mwisho, akatia mkono kati ya mafaili, akatoa kikopo.

"Si panya, mkuu," alisema. "Ni samaki. Yuko mahali pake."

Mkuu alikitazama kikopo. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa ofisi, akauliza swali la kiofisi.

"Ni huyu tu?"

"Kuna mkate M, ndizi N, viazi V," alisema Bwana Faili. "Na yai Y. Lakini leo sijaja nalo. Maganda yale yalikuwa yangu. Huyu mama hakuleta chochote humu. Na faili lako limeliwa kwa sababu yangu."

Shangazi alishusha ufagio. Alisema kwamba siku zote alikuwa anamwona mzee amesimama huku akichezesha mdomo, akadhani anaongea na mafaili. Alikuwa amewaza kumwambia mtu, lakini akaona mzee wa watu ametoka kuugua, kama yanamjibu, si vibaya. Watu wakacheka. Bwana Faili hakucheka, maana lililobaki lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza, na alijua kwamba asipolisema sasa hatalisema tena.

"Sikuugua vidonda," alisema. "Niliugua kansa ya tumbo. Wamenikata, nimepona. Ila nakula kama ndege, mara sita kwa siku, nisipokula naanguka. Nilipaswa kusema mapema. Niliona haya."

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja nyuma alisema pole, kwa sauti ile. Mwingine alijifuta mkono kwenye suruali, mkono uliokuwa umemsalimia asubuhi, na alipojiona anatazamwa akajifanya anatafuta leso. Paka ndiye peke yake aliyebaki na msimamo wake. Alisimama kwa miguu miwili akakigusa kikopo.

*

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Alimpandisha Bwana Faili ofisini kwake, akamketisha kwenye kiti cha wageni chenye mto, akaamuru aletewe chai na keki. Bwana Faili aliikataa keki na kueleza kwa nini, na mkuu aliitikia kwa kichwa kwa huzuni kubwa, kama anayesikia wosia. Kisha akaanza kusema, na ilikuwa sauti ya chini. Mzee umefanya kazi kubwa. Afya ni kitu cha kwanza. Kazi hazimaliziki. Alisema kwamba kuhusu faili yatakwisha, hayo ni makaratasi. Shangazi naye atafikiriwa. Bali yeye Bwana Faili aandike barua, aombe kupumzika kwa sababu za kiafya, naye mkuu ataiunga mkono kwa moyo wote. Ailete kesho.

Bwana Faili alijikuta anaitazama saa ya ukutani iliyokuwa nyuma ya kichwa cha mkuu. Alimshukuru, akatoka.

Nyumbani alimweleza mkewe mpaka mwisho. Mkewe alimsikiliza huku akimenya viazi, kisu hakikusimama. Shemeji yake, yule kaka wa kwenye picha, alikuwa amekuja kusalimia. Alikuwa mtu asiyewahi kuugua kitu zaidi ya mafua, na kwa hiyo alijua tiba zote. Alishauri akubali apumzike, anywe maji ya majani fulani, awe anakaa kivulini bila kuwaza lolote. Mkewe alimkumbusha kaka yake kwamba yeye amekuwa akikaa kivulini bila kuwaza lolote tangu ujana wake, na hajaonekana kunufaika.

Kisha akafuta meza, akaleta karatasi.

"Daktari alisema utaishi kama watu wengine," alisema. "Watu wengine wanafanya kazi. Andika."

"Niandike nini? Barua ya kuomba ninayo kichwani, ni ya mistari miwili. Hiyo nyingine sijawahi kuiandika."

"Ulimwandikia yule mtoto wa karanga ukurasa mzima."

Jambo hilo lilimchoma, na likamsaidia. Alikaa wima akaanza. Aliandika kwamba haombi kupumzika. Aliandika ugonjwa wake kwa jina lake, bila kuuzungusha, na kwamba cheti cha daktari kimeambatishwa. Aliandika kwamba tangazo la mlangoni ni sahihi na libaki kama lilivyo, kwa maana faili si meza. Ila anaomba ruhusa ya kutoka kila inapofika saa ya mlo wake mdogo, akae kwenye benchi la wageni kule ukumbini, ale mbele ya watu wote, kisha arudi. Aliomba pia ruhusa ya siku ya sindano na siku ya kuchunguzwa. Hapo kalamu ilisimama. Siku ya kuchunguzwa ilikuwa inakaribia, naye aliogopa hata kuiandika. Mkewe alisogeza kiti chake karibu na kusubiri, mpaka kalamu ikaendelea.

Kifungu cha mwisho kilimhusu Shangazi. Aliandika kwamba hana kosa lolote, kwamba mkataba wake uandikwe upya, na kwamba kama kuna wa kupewa onyo, apewe yeye aliyetia sahihi hapa chini. Na akitakiwa, yuko tayari kujiandikia mwenyewe, kwa kuwa uzoefu anao. Mkewe alisema maneno hayo ya mwisho ni ya majigambo, ayafute. Bwana Faili aliyaacha.

Shemeji aliisoma barua, akasema ni nzuri ila mkuu atakataa. Bwana Faili alijibu kwamba akikataa, atakataa kwa maandishi, na maandishi hayo yatakuja masjala yafunguliwe faili, na yeye atajua yalipo.

*

Asubuhi alifika na mkoba wake na barua kifuani. Hakwenda kwenye droo. Aliketi kwenye benchi la wageni, akaweka mto aliofungiwa na mkewe, akatoa bahasha. Watu walikuwa wanaingia kazini, na kila mmoja alipopita alisalimia haraka kuliko jana. Yule aliyejifuta mkono alipita pia, akasita, akarudi, akampa mkono wa heri, akaushika kwa muda mrefu kupita kiasi ili kurekebisha. Bwana Faili alimwachia aushike mpaka atosheke.

Shangazi alikuja na trei ya barua za ndani. Alisimama mbele yake bila kukaa, na Bwana Faili akajua kwamba anasubiri, na anachosubiri si barua.

"Shangazi," alisema, "nilikuacha upekuliwe ndoo, mimi nimesimama pale na kiazi mdomoni. Nisamehe."

Shangazi alifikiri. "Kilikuwa cha kuchemsha au cha kukaanga?"

"Cha kuchemsha. Cha kukaanga hakinifai."

"Basi si kiazi cha kumharibia mtu kazi," alisema, akaketi kando yake, benchi likalia. "Mwanangu mmoja yuko chuo, mwingine ananitia wazimu nyumbani. Mkataba usipoandikwa nitakuja kula vikopo vyako vyote, kwa herufi."

Bwana Faili alimsomea kile kifungu cha mwisho cha barua. Shangazi alisikiliza huku akitazama ukutani, akamtaka akirudie, akakirudia. Alisema neno "lolote" ni zuri, amefanya vizuri kuliweka.

Bwana Faili aliikunja karatasi mara tatu, pembe kwa pembe, akaitia kwenye bahasha pamoja na cheti cha daktari. Alikilamba kifuniko cha bahasha, akasita, akaichunguza ladha.

"Nini tena?" aliuliza Shangazi.

"Gundi. Ina utamu."

"Utaanguka?"

Alijisikiliza kidogo. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kweli, lakini haikuwa sukari. Akaibana bahasha, akaipigapiga kwa ngumi juu ya goti mpaka ikashika kote, akaandika jina la mkuu wa idara na cheo chake chote, herufi zimesimama wima. Akaiweka juu kabisa ya trei.

Shangazi alijiinua, akaishikilia bahasha kwa kidole gumba isije ikapeperuka, akaanza kupanda ngazi kwa raba zake, polepole, bila kugeuka. Bwana Faili alimtazama mpaka akaishia kwenye kona ya juu. Alisikia mlango ukigongwa. Alisikia ukifunguliwa. Kisha, kwa kuwa ilikuwa saa yake, alifungua kikopo mapajani, mbele ya watu wote, na paka wa kijivu akatoka masjala akaja kuketi mbele yake, mkia ameuzungusha miguuni, akisubiri kuhudumiwa.